Andika Juu ya Funksheni: ya Umma au ya Ndani?

Wadogo zangu mnaokuja Arusha kwa mafunzo kwa vitendo, nawapenda, lakini hili sasa limezidi. Napitia msimbo wenu, nakuta komenti safi, parameta zimeelezwa, mifano ipo, na hakuna mstari hata mmoja unaosema funksheni ipi (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) ni ya watu wa nje wanaotumia msimbo wenu na ipi ni ya ndani, yaani yenu tu.

Kwanza, msitegemee neno `public` la lugha ya Java, linaloruhusu msimbo wa mahali pengine kuita. Klasi ikihitajika na pakeji nyingine ya maktaba ileile (msimbo uliofungashwa ili programu nyingine ziutumie), lazima iwe `public`, hata kama hukutaka mtu wa nje aiguse. Kompaila, programu inayotafsiri msimbo, inajua nani anaweza kuita. Haijui umemwahidi nani. Ahadi hiyo iandike kwenye komenti.

Pili, kuna maktaba moja ya kupanga bei za safari ilikuwa na funksheni ndogo ya ndani. Juu yake paliandikwa tu: "Hurudisha muda wa safari." Ilikuwa inarudisha siku. Kampuni moja ya utalii ikaiona, ikaitumia, na kwenye mfumo wake ikatoa moja ili ipate idadi ya usiku wa kulala. Baadaye kijana mmoja, kwa nia njema kabisa, akaibadilisha irudishe usiku moja kwa moja. Majaribio yote yakapita, akatoa toleo dogo la marekebisho. Kule kwa mteja moja ikatolewa tena: safari ya siku 5 ikahesabiwa usiku 3. Wageni wamelipa, wako njiani kwenda Serengeti, na usiku mmoja hauna kitanda. Huo ulikuwa Julai, lodji zimejaa. Yule kijana alilaumiwa sana, na mimi hadi leo nasema hakustahili. Neno "Ndani:" mwanzoni mwa komenti ile lingemwonya mteja mapema.

Na msiseme ni mazoea yangu. Kanuni ya kwanza ya Semantic Versioning, utaratibu wa kupanga namba za matoleo, inataka utangaze kiolesura chako cha umma, yaani sehemu ambazo watu wa nje wanaweza kuzitegemea. Bila hivyo namba ya toleo haimwambii mtu chochote. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika msimbo wa Python, nayo inasema kilichoandikiwa maelezo huhesabiwa cha umma, isipokuwa maelezo yenyewe yakatae.

Tatu, kwa funksheni ya ndani, kwenye TypeScript wekeni alama ya `@internal` kwenye komenti. Kwenye Python, jina lianze na `_`.

Nne, funksheni ikishatumiwa nje, usiifute kimyakimya. Andika "Imepitwa", taja mbadala wake na toleo itakaloondolewa, kisha wapigie simu wanaoitumia.