Wanafunzi wanajua V = IR lakini wanadhani glopu "inakula" umeme: jibu langu

Mkuu, umesema vijana wako wa kidato cha pili wanapiga hesabu za V = IR (volti ni mkondo mara ukinzani) bila shida, ila ukiwauliza kati ya glopu mbili za mfuatano (moja baada ya nyingine kwenye njia moja) ipi itawaka zaidi, wengi wanataja ya kwanza kwa sababu "umeme unaifikia kabla haujapungua". Na maabara huna. Nimefundisha mada hii shule za kata miaka mingi, na jibu hilo nalikuta kwa kila darasa jipya. Hesabu hailiondoi. Mtoto anakokotoa vizuri huku moyoni anaamini mkondo unaishia kwenye glopu.

Mimi fomula naiweka kando mwanzoni. Naingia na betri kubwa za tochi, glopu za volti 2.5 na vipande vya waya wa spika. Kila kundi betri moja, glopu moja, waya mmoja: washeni. Wengi wataunga waya toka chanya hadi kitako cha glopu, kisha wataitazama tu. Kaa kimya, hata kama kipindi kinayoyoma. Atatokea mmoja aisimamishe glopu juu ya chanya ya betri, aubane waya chini kwenye hasi, na ncha ya pili aiguse ubavuni mwa glopu, kwenye lile ganda la bati. Itawaka kwa unyonge, volti 1.5 ni kidogo, ila kelele zitafika ofisini kwa mkuu wa shule. Sasa waonyeshe kile kidoa cha risasi kitakoni na lile ganda: uzi wa ndani umeungwa huku na huku. Mkondo unaingia upande mmoja, unatokea mwingine.

Ndipo ulete glopu mbili za mfuatano. Kabla ya kuunga, kila mmoja aandike utabiri wake daftarini kwa kalamu, la sivyo baadaye wote watadai walijua. Zitawaka hafifu, na sawasawa. Mbishi akisema ya pili imefifia kidogo, badilishaneni nafasi za glopu aone ule ufifu unaihama nafasi na kuifuata glopu yenyewe. Kisha pima mkondo kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kabla ya glopu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili. Namba ni ileile. Kilichotoka kwenye saketi ni nishati, imekwenda kuwa mwanga na joto.

Tahadhari moja ambayo vitabu vingi vinairuka: usiwaahidi kwamba kwa glopu mbili mkondo utashuka hadi nusu kamili. Utasoma zaidi ya nusu, kwa kuwa uzi usiopata moto sana ukinzani wake ni mdogo. Wenye akili wataligundua, uwe na jibu.

Wakiuliza mbona taa inawaka papo hapo, tumia mnyororo wa baiskeli. Ukikanyaga pedali mnyororo wote unasogea kwa pamoja, hakuna pingili inayoliwa, na gurudumu la nyuma linapata nguvu mara moja. Elektroni zenyewe kwenye waya wa tochi hazifikishi hata milimita moja kwa sekunde.

Saketi sambamba, ambapo kila taa ina njia yake ya mkondo, haina taabu: waulize kwa nini nyumbani ukizima taa ya chumbani TV haizimiki. Ila asijaribu mtu chochote kwenye soketi ya ukutani, hizo ni volti 230.

LED usianze nazo ingawa glopu za uzi zinaadimika madukani. LED inapitisha mkondo upande mmoja tu, na nyeupe inataka karibu volti 3, hivyo betri moja haiiwashi na mtoto atadhani kakosea kuunga.

Kuhusu multimita, ile ya njano ya bei poa inatosha. Waya mwekundu uanzie tundu la 10A, na ukiwa kwenye ampea usiguse ncha mbili za betri moja kwa moja. Tundu la mA (miliampea) fyuzi yake hukatika upesi, na kwenye nyingi ya hizo tundu la 10A halina fyuzi kabisa.