Sauti ikianza kukata na una mayasthenia, usisubiri mashine ya kidoleni

Watu wakisikia mayasthenia gravisi, ugonjwa wa misuli kuchoka haraka, wanawaza macho tu, kope kulegea na kuona vitu viwiliviwili, lakini mi kinachonisumbua zaidi ni sauti. Nikipiga simu naanza vizuri kabisa, baada ya muda maneno yanatokea puani, nikiendelea yanakuwa ya kilevi mpaka mtu anauliza dada umekunywa? Nikinyamaza kidogo inarudi. Huko kuchoka ukiitumia na kurudi ukipumzika ndo alama yake kubwa, kwa sababu kingamwili zako mwenyewe zinashambulia pale neva inapokutana na msuli, amri inatoka ila haifiki yote.

Sasa ugonjwa unaoshika misuli ya koo ndo huohuo unashika ya kupumua. Kwa hiyo sauti ikififia mapema kuliko kawaida yako, unapaliwa na chai, ukilala chali pumzi haitoshi, shingo haitaki kubeba kichwa, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Na ile mashine ya kidoleni ya kupima oksijeni isikupe moyo, inaweza kusoma 97 huku misuli imeshachoka, yenyewe inashukaga mwishoni. Mi nahesabu: navuta pumzi kubwa halafu nahesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Kutofika 20 ni dalili mbaya, ila neno kumi na saba kwa Kiswahili ni refu kutamka jamani, so hesabu siku uko vizuri ujue unafikaga wapi, ukishuka sana kutoka hapo ndo ushtuke.

Kingine ni dawa, na kwa huku kwetu hili ni kubwa. Kwinini ya malaria, antibayotiki kama jentamaisini na sipro, zote zinaweza kukuzidishia, na magineziamu ya dripu pia, kwa hiyo mjamzito aseme mapema kliniki maana ndo wanayompa mtu wa kifafa cha mimba. Ziandike kwenye karatasi ukae nayo pamoja na kitambulisho, siku ukizidiwa hutaweza kujieleza na nesi wa zamu huenda hajawahi kumwona mgonjwa kama wewe.

Vidonge vya piridostigimini, dawa yangu ya kuipa misuli nguvu kwa muda, navimeza kama nusu saa hivi kabla ya kula, nisipaliwe. Simu ndefu nazo nazipanga hapohapo dawa ikiwa inafanya kazi, wengine watume meseji tu.