Samaki wanakufa na maji bado yanang'aa: tatizo si dawa

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina tangi la samaki wa maji chumvi, lita 200, lina miezi minane. Jumamosi nilifanya usafi mkubwa, nikaosha sponji na vigae vya kichujio kwa maji ya bomba mpaka vikatakata. Jumatatu asubuhi nilikuta samaki wawili wamekufa, Jumanne mmoja. Wawili waliobaki wanahema haraka juu ya maji. Maji yanang'aa kabisa na kipimo cha chumvi kinasoma 1.025. Muuzaji amenipa dawa ya kuua bakteria. Nimetia dozi moja, sioni nafuu. Niongeze ya pili?

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata tone.

Leo hii, usingoje kesho, badilisha karibu nusu ya maji. Maji mapya yawe yamekwisha kuchanganywa chumvi, yameondolewa klorini, na joto lake lilingane na la tangini. Pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana. Weka mkaa wa kuchujia unyonye mabaki ya dawa. Kagua nyuma ya mawe kama kuna mzoga uliokupita macho, na usiwalishe samaki kwa siku mbili. Kisha tafuta kipimo cha amonia, ile sumu inayotoka kwenye taka za samaki wenyewe, maana katika barua yako yote umepima chumvi peke yake.

Kila wiki naandikiwa neno hilohilo, "maji yanang'aa", kana kwamba ni ushahidi. Koroga chumvi ndani ya glasi ya maji. Unaiona? Amonia nayo huyeyuka hivyo hivyo, haina rangi, na kwa kiasi kinachotosha kuua samaki pua yako haitaisikia. Maji yenye ukungu yaweza kuwa salama, na yanayong'aa yaweza kuwa sumu. Jicho halipimi amonia.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua kila dakika aliyo hai, na chakula kilichobaki huongeza nyingine. Kinachomwokoa ni bakteria waliojishika kwenye sponji, vigae, mawe na mchanga: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Ule utelezi wa rangi ya kahawia uliousugua Jumamosi ulikuwa na bakteria hao. Klorini ya bomba iliwaua kwa sababu ndiyo kazi yake. Sponji husuuzwa kidogo ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, na vigae haviguswi siku hiyohiyo.

Ndipo ukaletewa dawa ya kuua bakteria! Dawa hiyo haichagui. Inaweza kuwaangamiza hata wachache walionusurika kwenye mawe, na ndiyo sababu sishangai kwamba Jumanne alikufa mwingine. Katika maji chumvi hali ni mbaya zaidi, kwani pH yake, yaani kipimo cha ukali wa asidi au alkali ya maji, huwa kati ya 8.1 na 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyogeuka kuwa ile aina yenye sumu. Kiasi ambacho mfugaji wa maji baridi angekivuka bila msiba, kwako kinazika.

Sisemi magonjwa hayapo. Samaki akionekana kama amenyunyiziwa unga wa dhahabu, anahema kwa shida na kujikwaruza kwenye mawe, huyo ana kimelea kinachoweza kumaliza tangi zima kwa siku chache, na anahitaji dawa upesi, ndani ya chombo cha pembeni. Wote wakifa usiku mmoja baada ya umeme kukatika, ni hewa iliyowaishia. Vifo vinavyoanza siku mbili baada ya usafi mkubwa vina maelezo mengine, nami nimekwisha kuyatoa.

Kinachoniudhi ni biashara ya kuuza chupa kabla ya kuuliza swali. Samaki amekufa, chupa. Amekufa mwingine, chupa ya pili. Wapo wanaouza kimiminika cha "kukomaza tangi kwa siku moja" na samaki kumi juu yake, ilhali kwa kawaida bakteria huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga. Mbaya kuliko zote ni dawa ya shaba inayomiminwa ndani ya tangi lenyewe. Huua kamba, konokono na matumbawe, kisha hujificha ndani ya mawe na mchanga na kurudi majini polepole. Wengi hunijia miezi kadhaa baadaye wakiuliza kwa nini kila kamba wanayemweka hafiki wiki, na wamekwisha kusahau ile chupa.