Anza na Amina: kuomba na mtoto mwenye usonji

Ujumbe ni wa mama mmoja Mkristo. Mtoto ana usonji (autism), ana miaka sita, hajaanza kusema, na swali ni moja tu: "Nifunge siku ngapi ndipo mwanangu afunguliwe?"

Dada, usonji haufunguliwi kwa mfungo kwa sababu hakuna aliyeufunga. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyojengeka tangu angali tumboni, na urithi wa damu una sehemu kubwa ndani yake. Haukuletwa na malezi yako, wala chanjo, wala laana ya ukoo. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, waliuliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili, Yohana 9:3. Mstari huo uandike kwa kalamu nene, uubandike mahali ambapo wageni wenye ushauri wataukuta kabla hawajafungua vinywa.

Kuhusu kukemea pepo, sibembelezi. Mwaka 2003, mjini Milwaukee, Marekani, mtoto wa miaka 8 mwenye usonji alifia kanisani katika maombi ya kumtoa pepo. Mtu mzima alikuwa amemlalia kifuani, pumzi ikakata, na mtu huyo alifungwa jela. Ukiijua hali hii, ni rahisi kuona jambo kama hilo linavyokwenda. Mtoto ambaye mguso wa ghafla na kelele vinamuumiza anashikwa na mikono mingi, anapiga mateke ili ajinasue, waombaji wanasema "pepo anapambana," wanakaza zaidi, naye anapambana zaidi. Kwa hiyo, yeyote anayetaka kumwombea mwanao akubali kwanza mambo matatu: hamshiki kwa nguvu, hamnyimi chakula wala usingizi, na hagusi dawa zake. Kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi ya watoto wengine, na dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege lisilokoma. Akija mtu na chupa ya "maji ya muujiza" yenye klorini dioksaidi, mwonyeshe mlango. Hiyo ni kemikali ya kupaushia nguo na karatasi, na inachoma utumbo.

Sasa tuje kwenye maombi yenyewe. Kosa la wazazi wengi ni kumketisha mtoto kwenye ibada nzima ya familia, dakika ishirini, macho yamefumbwa, kisha kushangaa kwa nini anakimbia. Anza na mwisho. Wiki ya kwanza familia iombe kama kawaida huku mtoto akiendelea na mambo yake pembeni. Zikibaki sekunde tano, mwite. Weka kiganja chako mbele yake, akigonge au akiguse, semeni "Amina," msifu, aende zake. Hiyo tu. Akishakuja siku tano mfululizo bila kuvutwa, mwite mapema kidogo, aukute mstari wa mwisho wa wimbo kisha Amina. Halafu wimbo mzima, halafu ombi moja na wimbo. Unaongeza kwa nyuma kwenda mbele, kwa hiyo kila kipya kinamfikisha kwenye kitu anachokijua tayari, nacho ni kumaliza. Wapo watakaofika dakika mbili na kuishia hapo miaka mingi. Dakika mbili zinatosha. Baba Yetu yenyewe haifiki dakika moja.

Hatua zikifika nne, zipe picha. Kwa mtoto asiyeelewa bado michoro, tumia picha halisi za simu: kiti chake mwenyewe, kinywa kinachoimba, uso wa mtu anayeombewa, viganja viwili vilivyogusana. Zichapishe ukubwa wa kiganja kwenye karatasi ngumu, zifunike kwa plastiki, zipange mstari mmoja kwa velkro, ule utepe unaoshika na kubanduka. Hatua ikiisha, yeye mwenyewe abandue kadi na kuitumbukiza kwenye kisanduku. Kubandua ndiko kunakomwonyesha kwamba safari inapungua, na kadi zikibaki ukutani zote zinakuwa pambo tu. Linaloharibu zaidi ni mzazi anayekumbuka, baada ya Amina, "na jambo moja dogo tumwombe Bwana." Ukifanya hivyo mara mbili, Amina imepoteza maana kwake, na kesho hatakuja.

Usimlazimishe kufumba macho wala kutulia. Akiyumbayumba au akipunga mikono anajituliza, na Daudi mwenyewe alicheza mbele za sanduku kwa nguvu zake zote.

Asiyesema anaomba kwa mkono. Shika picha mbili, ya bibi na ya mwalimu, uliza "Tumwombee nani?" kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Wengi wetu hurudia swali baada ya sekunde mbili, na kwa mtoto anayechukua muda kuchambua maneno, swali la pili linafuta la kwanza. Akigusa, akitazama au akichukua picha moja, hilo ndilo ombi. Taja jina, sema sentensi moja. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo sioni kwa nini ombi la mtoto huyu liitwe pungufu.

Anayesema kwa kurudiarudia maneno ya wengine naye ana mahali pake. Wapo wanaomletea mzazi wake Mathayo 6:7, kwamba msipayukepayuke. Mstari ule unamkemea anayedhani wingi wa maneno utamlazimisha Mungu kusikia, nao haumhusu mtoto anayeshikilia sentensi moja kama kamba. Fungueni Zaburi 136: mistari 26, na kila mmoja unaisha kwa kusema fadhili zake ni za milele. Wewe soma nusu ya kwanza, yeye ajibu. Kwa mtoto apendaye marudio, hakuna zaburi iliyomkalia vizuri zaidi.

Chunga lugha ya mafumbo. "Yesu anakaa moyoni mwako" imewahi kumfanya mtoto ajikague kifua kwa hofu. "Tuoshwe kwa damu" anaona damu. Sema linaloonekana: "Yesu anatupenda. Tunamwambia asante kwa kitanda."

Na wewe mzazi? Nunua daftari, ligawe safu tatu: tarehe, ombi, kilichotokea. "Bwana mponye" ni kilio halali, ila hutajua kimejibiwa lini. Bartimayo alikuwa kipofu waziwazi, na bado Yesu alimuuliza, "Unataka nikufanyie nini?" Andika basi: alale kabla ya saa nne usiku. Kisha, usiku 14 mfululizo, andika saa aliyolala, mara alizoamka, saa aliyoamka kabisa, na kama siku hiyo alipata choo. Karatasi hiyo mpelekee daktari. Mtoto asiyeweza kusema "naumwa" anaweza kuanza ghafla kujipiga kichwa, na chanzo kikawa jino, sikio, au choo kilichofunga kwa siku kadhaa. Nyumba nzima ikiwa kwenye maombi ya vita, hakuna anayekumbuka kumwangalia mdomoni.

Ukiwa umekesha na mtoto siku tatu, usiende mkesha wa maombi. Eliya alipotaka kufa chini ya mretemu hakuhubiriwa. Alilala, akaamshwa ale, akalala tena, akala tena, ndipo safari ikaendelea. Mwombe mshirika mmoja unayemwamini akae na mtoto saa tatu kila wiki, siku ileile, saa ileile, ili mtoto naye amzoee. Na ukikosa maneno, soma Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila faraja yoyote, na imo kwenye Biblia hivyohivyo.

Kanisani, mara ya kwanza mpeleke siku isiyo na ibada. Azunguke, aguse viti, aone choo kilipo. Jumapili ya kwanza dakika kumi, kiti cha pembeni karibu na mlango, mbali na spika, na vizuia sauti viwe shingoni kabla kwaya haijaanza. Ondokeni angali mtulivu. Ukisubiri apige kelele ndipo utoke, umemfundisha kwamba kelele ndiyo ufunguo wa mlango. Kutoka nje si aibu. Katika Marko 7:33, yule kiziwi Yesu alimtenga kwanza na mkutano, faragha.

Mwalimu wa shule ya Jumapili mpe ukurasa mmoja, usizidi: anachokipenda, kinachomtisha, dalili za kuzidiwa (kuziba masikio, kuuma kola ya shati), na la kufanya zikionekana. Asimkumbatie, asimuulize maswali. Apunguze sauti, amfungulie njia ya kutoka.

Mchungaji akitaka kumwekea mikono, amwambie kwanza, amwonyeshe kiganja, angoje. Wengi wanauvumilia mkono mzito uliotulia begani kuliko vidole vinavyopapasa kichwani, lakini wako ndiye wa kuulizwa. Akirudi nyuma, mchungaji asimfuate. Aombe akiwa amesimama palepale.