Jibu: Raha ya kusaka bagi iko wapi?

Mkuu, umeuliza kuna raha gani kukesha na programu ya lugha ya C ambayo bagi lake (kosa ndani ya programu) linatoweka kila ukiongeza mstari wa kuchapisha thamani. Raha ni hapo hapo! Likitoweka, ujue umegusa muda: mara nyingi thredi mbili (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu moja) zinagombea sehemu moja ya kumbukumbu na ule mstari umeichelewesha mojawapo. Hicho ni kidokezo, usikidharau.

Kisa ninachokipenda ni cha Mars Pathfinder, 1997. Chombo kimeshatua Mars, kinatuma picha, mara kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha upya. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA iliyokiendesha chombo, wakaisaka hali ile kwenye nakala ya chombo iliyobaki Duniani mpaka ikajitokeza. Kumbe kazi ya kipaumbele cha chini, ya kukusanya data za hali ya hewa, ilishika kufuli (kizuizi kinachoruhusu kazi moja tu kwa wakati kutumia kitu cha pamoja). Kazi ya kipaumbele cha juu, ya kusimamia njia ya data, inalisubiri kufuli hilo. Na kazi za kipaumbele cha kati zinaipiku ile ya chini, haipati nafasi ya kuliachia. Mfumo ukiona kazi ya juu imechelewa, unaanza upya. Tiba? Kuwasha chaguo moja la VxWorks, mfumo endeshi wa chombo, linaloipa kwa muda kazi yenye kufuli kipaumbele cha ile inayosubiri. Badiliko likatumwa kutoka Duniani. Chaguo moja tu, mkuu!

Kwako, anza na vigeu (majina yanayoshika thamani kwenye programu) vinavyoguswa na zaidi ya thredi moja, kisha kompaili kwa -fsanitize=thread, chaguo la kunasa thredi zinazogombea kumbukumbu, kwenye kompaila ya GCC au Clang. Tupia hapa itakachosema.