Wanafunzi wanaijua sayansi, lakini wakulima hawawaelewi

SWALI: Mpendwa Mhariri, mimi ni mhadhiri wa sayansi ya chakula katika chuo kimoja mkoani Morogoro. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza huandika ripoti nzuri za maabara, lakini tulipowapeleka kijijini kuzungumza na wakulima kuhusu sumukuvu katika mahindi, walisoma slaidi mwanzo hadi mwisho, wakapigiwa makofi, na kesho yake tukakuta mahindi yameanikwa juu ya udongo kama kawaida. Ni kitu gani sijawafundisha?

JIBU: Ndugu Mhadhiri, makofi hayo ndiyo yanayonitia shaka, kwa sababu watu wetu humpigia mgeni makofi kwa adabu hata pale ambapo hawakumwelewa, na mwanafunzi anayejiona amefaulu kwa kushangiliwa amepima kwa mizani mbovu.

Ningeanza kwa kuwanyima slaidi. Wiki moja kabla ya mkutano, kila mwanafunzi akae na mkulima mmoja, amsikilize, na aandike maneno yake kama alivyoyasema. Atasikia jambo ambalo halimo katika ripoti zake: "Sisi ugali tunaupika ukaiva, na moto huua kila kitu." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, na hapo ndipo pa kuanzia: moto huua kuvu yenyewe, lakini sumu iliyokwisha kuachwa ndani ya punje haiondoki kwa joto la jikoni. Mwanafunzi aliyezoea kutamka "sumukuvu" kama neno moja huenda hajawahi kufikiri kwamba kwa msikilizaji hapo kuna vitu viwili, na kwamba kimoja kikifa kingine hubaki.

Namba nazo zinataka kazi. Kiwango cha juu cha aflatoksini (aina moja ya sumukuvu) kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi, namba isiyomwambia mkulima lolote. Mwanafunzi aihamishie kwenye gunia la kilo 100, apate miligramu 1, yaani uzito wa punje chache tu za sukari katika gunia zima. Hesabu hiyo ni ya dakika moja ubaoni, nayo hueleza kwa nini mahindi yanayoonekana safi yanaweza kudhuru.

Asiishie kwenye kutisha, hata hivyo. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hii, na anayevitaja vifo hivyo bila kuonyesha la kufanya anamwachia mkulima hofu tupu. Abebe chupa kavu, atie mahindi na chumvi kavu, atikise mbele yao: chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado hayajakauka vya kutosha, na kuvu hustawi penye unyevu. (Chupa hiyo, kwa maoni yangu, inazishinda slaidi thelathini.) Inawezekana pia kwamba wakulima wako walielewa vizuri, ila turubai la kuanikia hawana, na hilo mwanafunzi hawezi kulijua bila kuuliza.

Katika kusahihisha, usimpe alama kwa ufasaha wake. Siku mbili baadaye, mwanafunzi mwingine aende kwa mkulima yule yule, amwombe aeleze alichosikia kama anavyomweleza jirani, na alama zitoke katika maelezo hayo. Wengi watapata alama ndogo mara ya kwanza. Hao warudishe kijijini kabla muhula haujaisha.