Ukiulizwa zawadi na wewe ni mtazama nyota, usijibu "darubini" ukanyamaza

Mkuu, nimekusoma. Siku yako ya kuzaliwa inakaribia, nyumbani wanataka kukununulia kitu cha kutazamia nyota, na wewe mwenyewe hujui utaje nini. Mimi niliwahi kuulizwa hivyohivyo, nikajibu neno moja tu, "darubini". Kilicholetwa ndicho kilichonifundisha kuandika orodha.

Lilikuja boksi zuri lenye picha ya Zohali na pete zake, na ubavuni namba kubwa: mara 525. Shemeji yangu aliyeinunua alipiga hesabu ambayo yeyote angeipiga: hii inakuza mara 525, ya pembeni yake mara 150, basi hii ndiyo kiboko. Lenzi ya mbele ilikuwa na upana wa milimita 60. Hapo ndipo wengi tunapopigwa. Kazi ya darubini ni kukusanya mwanga kwanza, kukuza ni baadaye. Wazoefu hukadiria kwamba kila milimita ya upana inabeba ukuzaji wa mara 2, tena hewa ikiwa imetulia. Kwa milimita 60 mwisho wako ni mara 120 hivi. Ukipitiliza, kitu kinakuwa kikubwa lakini cheusi na chenye ukungu, kama picha ya simu uliyoivuta kwa vidole mpaka ikaharibika. Hiyo 525 waliipata wapi? Urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi ya mbele mpaka pale mwanga unapokutana, ulikuwa milimita 700. Gawa kwa lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4, unapata 175. Ongeza kile kilenzi cha kuzidisha mara 3, tayari 525. Hesabu haina kosa. Kuona ndiko hakuna.

Na bado ningeisamehe, kama si miguu yake. Stendi ilikuwa laini kama mabua. Ukigusa tu kurekebisha fokasi, Mshtarii inaanza kucheza. Unasubiri itulie, na ikitulia imeshatoka kwenye duara maana dunia haikusubiri. Nilimwita mke wangu mara tatu aje aone, na mara zote tatu aliona giza. Akaniambia kwa upole kwamba ananiamini.

Kwa hiyo kama bado huna chochote, omba darubini ya macho mawili ya 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita, na hiyo ya pili ndiyo ya kuangalia zaidi. Ukigawa 50 kwa 10 unapata 5, yaani mwanga unaoingia jichoni una upana wa milimita 5. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka karibu milimita 7, sisi wengine umri umeshaipunguza, kwa hiyo 5 haipotei bure. Elekeza kwenye Kilimia. Kwa macho matupu unahesabu nyota sita au saba; humo zinamwagika kwa makumi. Egemea ukuta au paa la gari ili mikono itulie, na utaiona miezi minne mikubwa ya Mshtarii imejipanga kama shanga. Galileo alianza kuifuatilia Januari 1610 kwa chombo cha mara 20 hivi ambacho lenzi zake leo tungezirudisha dukani.

Usirubuniwe na 15x70 kama nilivyorubuniwa. Ni nzuri, ila ni nzito, na kila mtetemo wa mkono unakuzwa mara 15. Bila stendi imara itakaa kabatini. Yangu ipo huko.

Sasa orodha yangu ya leo, na usinicheke. Ya kwanza kabisa ni kiti. Namaanisha kiti cha kukunja kinacholala nyuma, chenye pa kuegemeza shingo. Kwa miaka nilidhani macho yangu yamechoka kila ikifika saa tano, kumbe ni shingo. Siku niliyoazima kiti cha namna hiyo nilikaa mpaka karibu alfajiri, na niliona vitu vingi kuliko mwezi mzima uliotangulia, kwa darubini ileile.

Tochi nyekundu ya kichwani nayo ni zawadi ndogo ambayo haichoshi. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na mwanga mweupe wa simu unalirudisha mwanzo kwa sekunde moja. Mwekundu hafifu hauna madhara hayo makubwa. Sisitiza neno hafifu, maana kuna tochi nyekundu zinazowaka kama taa za breki.

Kwa mwenye teleskopu tayari, lenzi ya jicho ya milimita 32 ni ombi salama. Nyingi zina shingo ya inchi 1.25, lakini pima yako kwanza uwaandikie namba hiyo kwenye karatasi, wasiende kubahatisha. Programu ya ramani ya anga usiwaombe. Stellarium ya kompyuta ni ya bure.

Kuna kimoja cha kukataa hata kikiletwa kwa upendo: kile kichujio kidogo cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho. Pale ndipo joto la jua lote linapokusanyika, kioo kinaweza kupasuka ghafla, na jicho halina muda wa kukwepa. Cha kwangu nilikipiga nyundo. Kichujio cha jua kinakaa mbele, kinafunika lenzi yote kabla mwanga haujaingia.

Na ndoto? Ndoto ninayo. Teleskopu ya Dobson ya inchi 8. John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco, alizitengeneza kwa bomba la karatasi ngumu na sanduku la mbao, akazipeleka barabarani wapita njia watazame bure. Haina mota wala kompyuta, unaisukuma kwa mkono, na fedha karibu yote imeingia kwenye kioo cha kukusanyia mwanga na si kwenye madoido. Kioo chake cha inchi 8, yaani milimita 203, kinakusanya mwanga zaidi ya mara 11 ya ule wa milimita 60 wa shemeji. Niliwahi kuchungulia ya mwenzangu mmoja usiku usio na mwezi; Wingu la Orion, lile wingu la gesi angani, halikuwa tena alama ya kidole kwenye kioo, lilikuwa na mabawa. Lakini hicho si kitu cha kumwambia mtu akununulie. Ninaweka akiba, na orodha inaendelea na vitu vidogo.

Hiyo orodha nimeibandika ndani ya mlango wa kabati. Juzi nimeikuta imeongezwa maneno kwa kalamu ya kijani, mwandiko wa binti yangu, mbele ya neno kiti: "viwe viwili".